SAUTI YA ASIYE NA SAUTI: FUNZO KUTOKA MAREKANI YA ZAMANI



Ikitajwa Marekani, wengi wetu hukumbuka uhuru wa kusema. Na ni kweli, mwaka 1791 katiba yao iliongezewa kifungu kinachokataza bunge kuwanyima watu haki ya kusema na ya kupeleka malalamiko kwa serikali. Lakini hebu jiulize: watu gani hao?

Kabla ya uhuru wao wa 1776, walowezi wa Marekani walilalamika kwamba wanatozwa kodi na bunge la Uingereza ilhali hawana mjumbe ndani yake. Hoja nzuri kabisa. Lakini walipoanza kujitawala wenyewe, kura ilikuwa hasa ya mwanamume mzungu mwenye mali. Wanawake wengi, maskini wasio na shamba, wenyeji wa asili na watumwa, wote waliambiwa wanyamaze.

Aliyezibwa mdomo zaidi ni mtumwa. Katika majimbo ya kusini hakuruhusiwa kutoa ushahidi kortini dhidi ya mzungu. Huko South Carolina, sheria ya mwaka 1740 ilimtoza faini ya pauni 100 yeyote atakayemfundisha mtumwa kuandika. Kalamu ina nini hata iogopwe hivyo? Ni kwamba mtu akishasikika, ni vigumu kuendelea kumhesabu pamoja na ng'ombe.

BARUA YA AYUBA

Sasa wako watumwa waliofika Marekani wakiwa tayari wanajua kuandika. Mmoja wao ni Ayuba Suleiman Diallo, Mwislamu kutoka Bundu, nchi ambayo leo iko Senegal. Babake alimtuma kuuza watumwa wawili na kununua karatasi. Naam, historia haifichi: yeye mwenyewe alikwenda kuuza watu! Njiani akakamatwa, akauzwa, na mwaka 1731 akajikuta Maryland. Alipokuwa akijitenga msituni kuswali, kijana wa kizungu alikuwa akimcheka na kumrushia mchanga usoni. Akatoroka, akatiwa jela.

Basi akamwandikia babake barua kwa Kiarabu. Barua haikufika Bundu. Ilifika London, mikononi mwa James Oglethorpe, mkubwa katika kampuni iliyofanya biashara ya watumwa, akaipeleka Chuo Kikuu cha Oxford kutafsiriwa. Alipojua yaliyomo, alikubali kulipa pauni 45 ili Ayuba atolewe. Mwaka 1733 Ayuba akafika Uingereza, ambako aliandika Qur'ani nzima kwa hifadhi yake, na 1734 alikuwa amerudi Afrika. Karatasi moja tu!

MASIKIO YA BETT

Lakini usiseme, "Mimi sikusoma, nitafanya nini?" Huko Massachusetts alikuwepo mama mmoja mtumwa, akiitwa Bett, asiyejua kusoma wala kuandika. Mwaka 1780 jimbo hilo lilipitisha katiba iliyosema watu wote huzaliwa huru na sawa. Bett aliyasikia maneno hayo, akayashika. Akamwendea wakili Theodore Sedgwick akitaka kujua kama sheria hiyo haimhusu na yeye.

Huko Massachusetts mtumwa aliweza kufungua kesi. Agosti 1781, yeye na mtumwa mwenzake Brom walimshinda bwana wao kortini, na bwana akaamriwa awalipe fidia ya shilingi 30. Bett akajiita Elizabeth Freeman, yaani mtu huru. Kesi nyingine zikafuata, na sensa ya 1790 haikuhesabu mtumwa hata mmoja katika jimbo hilo.

KALAMU YA OMAR

Si kila sauti ilipata wa kuisikia. Omar ibn Said, mwanachuoni wa Futa Toro, aliuzwa Charleston mwaka 1807. Alitoroka, akafungwa huko Fayetteville, na humo jela akaandika kwa Kiarabu ukutani. Watu wakaja kumshangaa, bwana mwingine akamnunua, lakini hakuachwa huru. Alibatizwa kanisani, na hadi leo wanahistoria wanabishana kuhusu imani yake. Lakini mwaka 1831 alipoandika habari za maisha yake, alianza na Suratul Mulk, sura inayoeleza kwamba ufalme wote ni wa Mwenyezi Mungu. Wazia, mtumwa anaandika hayo ndani ya nyumba ya anayedai kummiliki! Na kwa kuwa alitumia Kiarabu, waliomzunguka hawakuweza kuyasoma. Alikufa mtumwa katika miaka ya 1860. Leo maandishi yake yamehifadhiwa katika maktaba ya bunge la Marekani.

Ndugu yangu, ukiwatazama hawa watatu utaona kwamba sauti ina sehemu mbili: anayesema na anayesikiliza. Ayuba na Bett walipata msikilizaji, Omar hakumpata. Kwa hiyo tusiishie kudai haki ya kusema. Tuijue sheria, kama Bett. Tushike kalamu, kama Ayuba na Omar. Na tujiulize: ni nani nyumbani kwetu, mtaani kwetu, hata katika mikutano yetu, ambaye anasema na sisi hatumsikii? Mfanyakazi wa nyumbani? Dada zetu? Asiye na jina kubwa? Nchi iliyopigania mjumbe wake bungeni iliwanyamazisha wengine. Nasi tujichunge tusifanye hayo hayo.

Wabillahi tawfiq.