Kikombe cha Warumi: mikono ilitangulia, maelezo yakafuata



Kuko kikombe kimoja cha kioo katika British Museum, London. Kinaitwa kikombe cha Lycurgus, jina la mfalme aliyechongwa juu yake, mizabibu ikimfunga mwili mzima. Warumi walikitengeneza katika karne ya 4. Taa ikiwa mbele yake, kiko kijani. Weka taa nyuma, kinakuwa chekundu.

Juu ya nini? Jibu lilikuja wazi mwaka 1990, wakati watafiti walipoangalia kipande kidogo cha kioo hicho kwa mikroskopu ya elektroni. Ndani walikuta punje za feza na dhahabu, kila moja kama nanometa 70. Zaidi ya punje elfu moja zinaweza kupangwa katika upana wa unywele mmoja!

Kiasi chenyewe ni kidogo sana: dhahabu kama sehemu 40 kwa milioni, feza karibu 300. Sisi watu wa kilimo hatushangai sana, maana tunajua namna zinki kidogo tu inaweza kuokoa shamba la mahindi. Mwanga ukigonga punje hizo, elektroni zake zinatikisika. Zinameza bluu na kijani katika mwanga unaopita, nyekundu inabaki. Kiisha zinarudisha kijani kwa mtu anayeangalia mbele. Dhahabu ya pete ni manjano, lakini ikigawanywa hivyo, rangi inageuka. Udogo njo unabadilisha tabia.

Sasa muangalie tarehe. Michael Faraday alieleza mwaka 1857 kwamba wekundu wa namna hii unatoka kwa dhahabu iliyosagika sana. Gustav Mie alitoa hesabu yake mwaka 1908. Kutoka kwa fundi Murumi mpaka kwa Mie ni miaka zaidi ya 1500.

Kuna wenzetu wanaosema elimu inaanza siku ya kuingia chuo kikuu. Kikombe hiki kinawakatalia. Lakini hakiwapi haki yote pia wale wanaosema vitabu ni bure: fundi yule hakutuachia maandishi ya namna alivyofanya, na vioo vya aina yake vilivyobaki vinahesabika. Alipokufa, alienda na siri yake.

Kwetu Kivu, mama mkulima anachanganya aina nyingi za maharagi katika shamba moja. Anajua ipi inavumilia mvua nyingi, ipi inakomaa mbele. Ni maarifa ya mikono, kama ya yule fundi. Tuko na lisanse, tuko na kalamu, tuko na mizani. Tukingoja, wamama wale wataenda, na wajukuu watakuta mbegu bila maelezo.

Basi, kila mmoja wetu aanze na mkulima mmoja: amuulize, apime, aandike.