Kijisanduku cha Ndimi

Injili ya Yohana humtaja Yuda Iskariote mara mbili kuwa mshika fedha wa wanafunzi: kwanza katika sura ya 12, alipoona uchungu kwa marhamu ya nardo ambayo ingaliweza kuuzwa kwa dinari mia tatu, na tena katika sura ya 13, usiku wa karamu ya mwisho. Tafsiri ya Kiswahili yasema kwamba alishika mfuko. Neno hilo latosha kwa maana, walakini si mfuko uliotajwa katika Kiyunani. Neno lililoandikwa pale ni glossokomon, na asili yake haihusu fedha hata kidogo. Glossa ni ulimi. Sehemu ya pili yatokana na kitenzi chenye maana ya kutunza. Chombo alichokichukua Yuda kilikuwa na jina la kitunza-ndimi, na ndimi zilizokusudiwa na watu waliolibuni jina hilo zilikuwa ndimi za zumari.

Jina la kijisanduku cha mpiga zumari lilipata kuazimwa na sanduku la fedha, na sanduku la hati, na jeneza, hata na chombo cha waunga mifupa. Vyombo vingi vya matumizi ya watu wa kale vimepotea pamoja na majina yao. Hiki kilipotea chenyewe, kwa kuwa kilikuwa kitu kidogo chenye kuoza, bali jina lake lilitoka katika mikono ya mpigaji likaingia hekaluni, sokoni na makaburini. Ili kujua kwa nini wapigaji walikuwa na kitu cha kutunzwa kwa uangalifu mkubwa hivyo, hapana budi kuanza na ulimi wenyewe.

Wayunani walikuwa na ala iliyoitwa aulos. Wafasiri wengi wa Ulaya waliiita filimbi, na kosa hilo limeleta fikira ya sauti laini ya mchungaji aliyekaa kivulini. Kiswahili kina bahati ya kuwa na neno lililo karibu zaidi. Aulos ilikuwa ya jamii ya zumari: sauti yake ilitoka katika ndimi mbili nyembamba zilizobanwa midomoni na kutetemeka kwa pumzi, nayo ilikuwa kali, yenye kufika mbali. Tofauti kubwa ni kwamba mpigaji alishika zumari mbili kwa wakati mmoja, moja kwa kila mkono, na mara nyingi alifungwa ukanda wa ngozi uliopita mdomoni mpaka kisogoni ili kuyasaidia mashavu. Bomba la aulos, likiwa la mti, au la mfupa, au la pembe, liliweza kudumu umri wa mtu. Ulimi haukuweza, na bomba lisilo na ulimi halisemi.

Habari za ulimi huo zimehifadhiwa na mtu ambaye hakujulikana kwa upigaji. Theophrastus, mwanafunzi wa Aristotle, aliyekufa yapata mwaka 287 kabla ya Kristo, aliandika kitabu juu ya mimea, na katika sehemu ya nne ya kitabu hicho alituama kueleza matete ya ziwa la Orchomenos katika nchi ya Boeotia. Ziwa hilo, lililoitwa pia Copais, lilikuwa na desturi ya kujaa na kupungua. Watu walisema kuwa tete la zumari lilistawi kila mwaka wa tisa, ziwa lilipofurika. Naye Theophrastus alieleza kuwa maji yakituama mwaka mzima tete lilinenepa likafaa kwa ndimi, na yakiondoka mapema lilitoka tete la namna nyingine. Leo ziwa hilo halipo. Lilikaushwa kwa kazi iliyoanza katika karne ya 19 na kumalizika mwaka 1931, na mahali pa matete pakawa mashamba.

Kukata nako kulikuwa na majira yake. Kabla ya zama za Antigenidas, mpigaji mashuhuri wa Thebes wa karne ya 4 kabla ya Kristo, upigaji ulikuwa wa sauti zisizopambwa, na matete yalikatwa karibu na mwezi wa Septemba. Ulimi wa tete hilo haukufaa mpaka ipite miaka mingi, na hata hapo ulitaka kupulizwa sana kabla ya kulainika. Upigaji ulipogeuka ukapenda madaha na mapambo, wakati wa kukata ulihamishiwa Juni na Julai. Tangu hapo ulimi uliweza kutumika katika muda wa miaka mitatu, na haukuhitaji kuzoezwa kwa muda mrefu. Ni jambo la ajabu kwamba badiliko la ladha katika masikio ya watu wa mjini lilibadilisha mwezi wa mavuno ya watu wa ziwani.

Matete yaliyokatwa yalifungwa vitita yakaachwa nje majira yote ya baridi yakiwa na maganda yake. Katika majira ya kuchipua yalimenywa, yakasuguliwa na kuanikwa juani. Katika kiangazi yalikatwa vipande baina ya fundo na fundo, yakawekwa tena nje. Vipande bora vilikuwa vya katikati ya tete: vya juu vilikuwa laini kupita kiasi, vya shinani vigumu. Tena ndimi za zumari mbili zilizopigwa pamoja zilipaswa kutoka katika kipande kimoja, kwani zilizotoka katika vipande mbalimbali hazikupatana. Ya upande wa shina iliwekwa katika zumari ya mkono wa kushoto, ya upande wa kilele katika ile ya kulia. Msomaji mwenye haraka aweza kudhani kuwa huu ni ushirikina wa mafundi. Hesabu yake, hata hivyo, ni ya wazi kabisa. Mafuriko yalingojwa miaka tisa, ulimi ulingojwa miaka mitatu au zaidi, na mwishoni vilipatikana vitu viwili visivyotengana, kila kimoja chepesi kuliko ubawa wa ndege. Kimoja kikivunjika, cha pili kilikuwa mjane.

Navyo vilivunjika. Mwaka 490 kabla ya Kristo Midas wa Akragas, mji wa Sicily, alishinda kwa aulos katika mashindano ya Delphi, na mshairi Pindar alimtungia wimbo wa sifa ambao ndani yake matete ya Orchomenos yametajwa. Wafafanuzi wa kale wa wimbo huo waliongeza kisa. Walisema kuwa ulimi wa Midas ulivunjika katikati ya mashindano ukamgandama kinywani. Naye hakunyamaza, bali alipuliza mabomba matupu kama mtu apulizaye filimbi, na wasikilizaji wakafurahishwa na ugeni wa sauti hiyo mpaka akapewa ushindi. Yamkini kisa hicho kilitiwa chumvi. Lakini watu hawatungi kisa cha namna hiyo illa pale ambapo kuvunjika kwa ulimi ni jambo ambalo kila msikilizaji amepata kuliona au kuliogopa.

Hofu hiyo ingaliko. Tete la Bahari ya Kati, ambalo wataalamu huliita Arundo donax, ndilo litumikalo mpaka leo katika obo na klarineti, na mkoa wa Var kusini mwa Ufaransa una sifa kubwa kwa tete hilo. Wapigaji wengi wa obo huchonga ndimi zao wenyewe. Henri Brod, mpigaji wa Paris aliyekufa mwaka 1839, alibuni hata mashine ya kuchimbua tete kwa ndani. Ncha ya ulimi wa obo huwa nyembamba kukaribia sehemu ya kumi ya milimita, na ukucha tu waweza kuiharibu. Kwa hiyo mchonga ndimi huishia kuwa seremala wa visanduku. Masanduku ya kununuliwa yapo, mengine mazuri mno, lakini wapo wengi wachukuao kopo bapa la peremende au kijisanduku cha sigara, wakabandika ndani yake kipande cha kizibo au cha sifongo ngumu, wakakitoboa kwa kekee matundu ya kusimamishia ndimi, kila moja mbali na mwenzake. Wa klarineti, ambao ulimi wao ni mmoja na ulio bapa, huufunga juu ya kipande cha kioo usije ukapinda unapokauka. Mwanagenzi hufanya kosa moja daima: huziba kila ufa akidhani amelinda zaidi. Ulimi huingia sandukuni ukiwa na mate, na unyevu usipopata njia kuvu huota. Sanduku jema lazima lipumue. Ndiyo sababu kekee hupita na katika kifuniko.

Kijisanduku cha Wayunani chaonekana katika picha za vyungu vya Athene, hasa vya karne ya 5 kabla ya Kristo. Wanaume wamejinyosha karamuni, mwanamke asimama akipiga, na ukutani yuko mfuko wa ngozi, aghalabu yenye madoadoa, uliotundikwa kwa ukanda. Huo ndio sybene, mfuko wa zumari mbili. Ubavuni, karibu na kinywa chake, kimeshikamana kijisanduku kirefu chenye kifuniko: ndicho glottokomeion. Mabomba na ndimi havikuchanganywa. Hazina ya Athena katika mji huo ilikuwa na sybene moja ya fahari, ya pembe za ndovu iliyotiwa dhahabu, iliyotoka Methymna katika kisiwa cha Lesbos. Lakini hiyo ilikuwa mali ya mungu, wala haikutundikwa karamuni.

Mchukuzi wa mfuko wa ngozi mara nyingi hakuwa mtu wa kuheshimiwa. Alcibiades, kijana wa ukoo mkubwa, alikataa kufundishwa aulos. Ilisimuliwa kuwa aliona yamharibu mtu uso na kumnyima kusema, akawaachia kazi hiyo watoto wa Thebes ambao, kwa dharau yake, hawakujua kuzungumza. Isocrates, bingwa wa ufasaha, alidhihakiwa na watunzi wa michezo ya kuchekesha kwa sababu baba yake alitajirika kwa watumwa waliotengeneza aulos. Na Aristotle, alipoeleza serikali ya Athene, aliandika kuwa maofisa wa mji walihakikisha kwamba wanawake wapigaji hawakodishwi kwa zaidi ya drakma mbili, na watu kadhaa wakimtaka mmoja, kura ilipigwa. Bei ya sauti yake iliwekwa na sheria. Bei ya tete haikuwekwa. Mwanamke huyo akifika na ulimi uliopasuka, kura ingemwangukia nani? Kijisanduku ndicho kilichokuwa akiba yake, kabla neno halijapata maana ya akiba.

Si wote wapigao zumari waliohitaji sanduku. Zumari ya pwani ya Afrika Mashariki, isikiwayo katika chakacha na kirumbizi, haingoji mafuriko ya ziwa. Ulimi wake hukunjwa kwa jani la mti wa ukoo wa minazi, nao ukichakaa hukunjwa mwingine. Ni kazi ya saa, si ya miaka. Jamaa yake wa Bara Hindi, shehnai, huning'inizwa ndimi za akiba kwa uzi juu ya ala yenyewe, pamoja na sindano ya kuzipanulia, na zote huonekana na kila mtazamaji. Palipo na ulimi wa karibu, uzi watosha. Sanduku lilifanywa na watu ambao ulimi wao ulitoka mbali na ulichelewa kuja.

Sanduku likiisha kufanywa vizuri, wenye vitu vingine hulitamani. Phrynichus, mwanasarufi wa karne ya 2 baada ya Kristo aliyekuwa mkali kwa usafi wa Kiyunani, aliona kuwa neno hilo zamani lilihusu chombo cha ndimi za aulos peke yake, na kwamba baadaye watu walilitumia kwa chombo cha vitabu, au nguo, au fedha, au cho chote. Wala hakusita kuwaita wajinga wale walioligeuza likawa glossokomon. Alikuwa amechelewa mno. Wayahudi waliofasiri maandiko yao kwa Kiyunani, karne kadhaa kabla yake, walikuwa wameliita kwa jina hilo kasha la mfalme Yoashi, lililowekwa watu watie fedha za kutengenezea hekalu. Katika lugha ya marabi lilikuwa gluskema, likawa na maana hata ya sanduku la mifupa ya wafu. Galen, tabibu wa zama za Phrynichus mwenyewe, alilitumia kwa sanduku la kunyoshea mguu uliovunjika. Na mwinjili, akitaka kueleza mahali fedha za maskini zilipowekwa na kuibwa, hakuona neno lililokuwa la kawaida zaidi.

Mara moja tu katika maandishi ya kale neno na mwenye neno wakutana tena. Plutarch asimulia kuwa Kaisari Galba, aliyetawala Rumi tangu mwaka 68 hata 69, alipigiwa aulos karamuni na Canus, mpigaji mwenye jina kubwa katika siku hizo. Galba alimsifu sana, akaagiza aletewe glossokomon yake. Akatia mkono ndani, akatoa vipande vichache vya dhahabu, akampa akisema kuwa vyatoka katika mali yake mwenyewe, si ya serikali. Suetonius, ambaye hakumpenda Galba kwa ubahili wake, asema zilikuwa dinari tano.