Tesiti za kazi kwa intaneti: kandida wa Fizi na Baraka anapimwa nini?

Kijana wa Baraka ao wa teritware ya Fizi anayetafuta kazi leo hapeleki tu dosye kwenye ofisi na kungoja kuitwa. Mara nyingi anajaza fomu ndefu kwa intaneti, anakaa wiki nyingi bila habari, halafu ujumbe unaingia: tesiti ni kesho, saa mbili nzima, kwenye kompyuta. Kuna wanaofaulu. Kuna pia wanaoanguka kabla ya kufika swali la mwisho, si kwa sababu hawajui kazi, ila batri ilikwisha ao rezo ilipotea.

Tesiti hizo ziko namna gani

Kila shirika lina njia yake, lakini hatua zinafanana.

Kwanza ni fomu. Ndani yake kuna maswali ya kuchuja: una diploma gani, una miaka mingapi ya uzoefu, unajua luga gani. Jibu moja tu la "hapana" linaweza kuondoa dosye bila mtu yeyote kuisoma.

Pili ni maswali ya kuchagua jibu: hesabu, kuelewa maandishi, mantiki, ao "ungefanya nini kama mwenzako wa kazi ameiba?" Saa inahesabu kwenye ekrani.

Tatu ni kazi ya kuandika: ripoti, bajeti ndogo, plani ya kugawa chakula.

Mwisho ni mahojiano kwa WhatsApp, Teams ao Zoom. Wengine wanaombwa kujirekodi video peke yao mbele ya simu, bila mtu wa kuwajibu upande wa pili.

Karibu yote hayo ni kwa Kifaransa, mara zingine Kiingereza. Lakini kazi yenyewe, kwa mfano katika kambi ya Lusenda ao kwenye site ya Mulongwe, inafanyika sana kwa Kiswahili, Kibembe na Kirundi. Luga ambayo kandida ataitumia kila siku ndiyo haipimwi.

Kwa nini zimekuwa nyingi

Tangu wakimbizi wa Burundi walipopokelewa Lusenda mwaka 2015, mashirika yamekuwa kati ya waajiri wakubwa katika eneo hili. Lakini nafasi zimepungua. Médecins Sans Frontières ilitangaza Desemba 2020 kwamba inasimamisha kazi zake Fizi juu ya usalama. MONUSCO iliondoka Kivu ya Kusini mwisho wa Juni 2024. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na mashirika mengi yakafunga miradi. Watu wanaogombea nafasi moja wamekuwa wengi, na fomu ya intaneti ni njia rahisi ya kupunguza dosye.

Vita navyo vimeongeza. Tangu Bukavu iingie mikononi mwa M23 Februari 2025, kumwita kandida wa Fizi aende kule kufanya tesiti ni kumtia hatarini. Intaneti inamruhusu abaki kwake.

Kuna faida

Wengi katika eneo hili wanalalamika kwamba kazi zinatolewa kwa kujuana. Tesiti ya intaneti inaweza kusaidia: karatasi inapewa namba, msahihishaji haoni jina, haoni kabila, hajui baba wa mtu ni nani. Mtoto wa mkulima wa Sebele ao wa mvuvi wa Mboko anaweza kupita mtoto wa mkubwa.

Lakini urefu wa tesiti si dalili ya haki. Mwaka 1998 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Frank Schmidt na John Hunter, walikusanya matokeo ya tafiti za miaka 85 kuhusu namna ya kuchagua wafanyakazi. Kati ya njia zilizoonyesha vizuri nani ataweza kazi, walikuta kumpa mtu sehemu ya kazi yenyewe aifanye, na mahojiano ambamo kila mtu anaulizwa maswali yaleyale. Hesabu ya miaka ya uzoefu, ile inayoombwa karibu katika kila ofa, ilionyesha kidogo sana.

Jihadhari na saa

Kivu ya Kusini iko saa moja mbele ya Kinshasa. Ofa ikisema "mwisho ni 16h00, saa ya Kinshasa", kwa Baraka ni 17h00. Kama imetoka Kinshasa na haikusema ni saa ya wapi, hesabu ya kwako: kwa Baraka 16h00 inafika kwanza.

Kwa mtandao wa Inspira wa Umoja wa Mataifa, ofa zinafungwa 23h59 saa ya New York. Hapa kwetu inakuwa kesho yake asubuhi: 5h59 wakati New York iko kwenye saa ya kiangazi, 6h59 wakati wa baridi. Saa hizo za alfajiri mara nyingi rezo ni nyepesi kuliko jioni.

Kabla ya kubonyeza "anza"

- Soma maagizo yote. Tesiti nyingine ikianza haisimami, hata ukurasa ukifungika.
- Chaji simu na kompyuta usiku wa kuamkia tesiti, na tafuta mapema mtu mwenye panneau ao groupe.
- Weka sim za rezo mbili, na mega za kutosha kwa zote mbili.
- Kama inaruhusiwa, andika majibu marefu pembeni kwanza, kisha uyabandike.
- Mahojiano yakianza kukatika, omba kuzima video. Sauti inakula mega chache.
- Rezo ikikatika, piga picha ya ekrani yenye saa, na uandikie shirika palepale. Ukingoja kesho, ni vigumu kuaminiwa.

Wezi nao wanajua

Umoja wa Mataifa hauombi pesa katika hatua yoyote ya kuajiri: si kwa fomu, si kwa mahojiano, si kwa mafunzo. Mtu akikuomba "pesa ya kufungua dosye" kwa M-Pesa ao Airtel Money, huyo ni mwizi, hata kama barua yake ina logo nzuri.

Chunga pia kitambulisho chako. Kanuni ya numérique ya tarehe 13 Machi 2023 inalinda habari za mtu binafsi. Kandida ana haki ya kuuliza kwa nini kopi ya kadi ya mpigakura inahitajika kabla hata ya tesiti.

Upande wa waajiri

Kutangaza tesiti siku tatu mbele, kuruhusu kuirudia kama rezo imekatika, kufungua sali moja Baraka yenye umeme kwa wasio na kompyuta, na kumjibu hata aliyekosa: hayo hayaongezi gharama kubwa. Shirika lisilofanya hivyo linaweza kufikiri limechagua mwenye akili zaidi, kumbe limechagua mwenye panneau kubwa.