Nukta iliyotaka kunifukuzisha kazi

 Nina kisa cha kitone.

Mwezi uliopita nilikuwa nasoma jedwali la bajeti ya halmashauri moja kwenye laptopu yangu mpya. Nikaandika kwamba mradi wa maji umetengewa shilingi milioni 84.5. Mhariri wangu, mzee asiyeamini kitu mpaka aone karatasi, akaniita: "Kijana, hii nukta umeitoa wapi?" Nikafungua jedwali, nikasogeza ukurasa juu kidogo. Namba ikapanda, nukta ikabaki pale pale. Ilikuwa milioni 845. Jamani, jasho lilinitoka!

Nikairudisha laptopu dukani. Muuzaji akaipangusa kwa kidole, akacheka. "Bro, kimoja tu? Vingekuwa vitano tungeongea." Nikajua kabisa naibiwa. Usiku huo nikaanza kuchimba, na nilichokuta kilinipunguza hasira.

Hadithi inaanzia kwenye karoti. Mwaka 1888 huko Prague, mtaalamu wa mimea Friedrich Reinitzer alikuwa anachunguza kolesteroli ya mimea, akakuta kitu kinachoyeyuka mara mbili: kwenye nyuzi 145.5 kinakuwa kimiminika chenye ukungu, kwenye 178.5 kinakuwa angavu kabisa. Akamwandikia mwanafizikia wa Kijerumani, Otto Lehmann, naye akagundua kwamba kile kimiminika kina tabia za fuwele. Kisha karibu miaka 80 ikapita bila watu kujua wakifanyie nini. Mwaka 1968 ndipo George Heilmeier na wenzake wa kampuni ya RCA, Marekani, walipotangaza vioo vya kuonyeshea vya fuwele hizo, na mwaka 1973 Sharp wakatoa kikokotoo chenye kioo cha aina hiyo.

Kikokotoo kina tarakimu chache tu. Picha ni kitu kingine. Dawa yake ilitoka Westinghouse mwanzoni mwa miaka ya 1970, ambako Peter Brody na wenzake walikipa kila kitone transista yake, nyembamba mno, iliyotandazwa juu ya kioo. Na hapo ndipo balaa langu lilipozaliwa.

Hebu piga hesabu. Kioo changu kina vitone 1,920 kwa 1,080, yaani 2,073,600. Kila kimoja kimegawanyika sehemu tatu, nyekundu, kijani na buluu, kwa hiyo transista ni 6,220,800. Kiwandani, chembe ya vumbi usiyoweza kuiona inatosha kuua moja. Kutupa kioo kizima kwa ajili ya hiyo ni hasara, basi wakawekeana kipimo. Kiwango cha kimataifa cha mwaka 2001 (miaka saba baadaye kilipisha kingine) kiligawa vioo katika madaraja. Daraja la kwanza halikuruhusu hata kasoro moja. La pili, ambalo watengenezaji wengi walilifuata, liliruhusu vitone viwili vyeusi kwa kila milioni. Kwa kioo kama changu hivyo ni vinne. Cha tano ndiyo kasoro! Yule muuzaji pengine hajawahi kusikia habari za kiwango hicho, lakini hesabu yake ilikuwa sawasawa.

Tiba? Mafundi watakwambia ucheze video inayobadilisha rangi haraka haraka kwa saa kadhaa, au uzime kompyuta na kukandamiza taratibu kwa kitambaa laini. Ikiwa kitone kimeganda kwenye rangi moja, mfano chekundu tu, mara nyingine kinaamka. Hakuna wa kukuhakikishia. Cheusi kama changu, ambacho transista yake imekufa, hakirudi. Nililaza laptopu ikimetameta usiku kucha, asubuhi nukta ikanisalimia. Ukikandamiza sana unaua na majirani zake, kwa hiyo niliacha.

Kilichonichekesha ni kwamba viwandani wana mionzi ya leza ya kuchoma kwa makusudi vitone vinavyong'aa visivyozimika, ili viwe vyeusi. Eti cheusi hakionekani sana. Waje wamwambie mhariri wangu.

Laptopu bado ninayo. Kila nikikuta namba nasogeza ukurasa juu na chini mara mbili kabla ya kuandika, na pale chumba cha habari siku hizi naitwa Nukta.