Bilioni Mia Tatu: Jina Moja, Namba Mbili

Mtaa wa Mbugangari, mjini Gisenyi, uko karibu na mpaka unaoitenganisha Rwanda na mji wa Goma. Katika biashara ya mpakani Kiswahili husikika pamoja na Kinyarwanda na Kifaransa, na fedha huhesabiwa kwa lugha zote hizo. Makala haya yanaonyesha jinsi historia ya fedha za Kongo inavyotufundisha kuzitaja namba kubwa kwa uangalifu.

Mwaka 1967 Kongo ilianzisha sarafu ya zaire. Zaire 1 ilichukua nafasi ya faranga 1,000. Baadaye mfumuko wa bei ulipamba moto, hata mwaka 1992 ikatolewa noti ya zaire 5,000,000. Mwaka 1993 ilikuja zaire mpya, iliyobadilishwa kwa zaire za zamani 3,000,000. Mwaka 1998 faranga ilirudi: faranga 1 kwa zaire mpya 100,000, yaani laki moja kamili, neno ambalo Kiswahili kililipata kutoka lugha za Bara Hindi.

Tukizidisha 3,000,000 kwa 100,000 tunapata 300,000,000,000. Hizo ndizo zaire za zamani zilizolingana na faranga 1 ya mwaka 1998. Kwa Kiswahili sanifu ni bilioni mia tatu. Tukizidisha tena kwa 1,000 ili kufikia faranga za kabla ya mwaka 1967, tunapata 300,000,000,000,000, yaani trilioni mia tatu.

Hapo ndipo penye utata. Katika Kifaransa 1,000,000,000 huitwa milliard, na Kinyarwanda kimelichukua neno hilo kama miliyari. Billion ya Kifaransa ni milioni mara milioni. Kwa hiyo trilioni mia tatu yetu, kwa Kifaransa, ni billion mia tatu! Uingereza nayo ilikuwa na hesabu kama hiyo mpaka mwaka 1974, serikali yake ilipokubali rasmi hesabu ya Kimarekani. Bilioni ya Kiswahili sanifu inafuata hesabu hiyo ya Kimarekani.

Majina hugongana, lakini tabia za namba hazibadiliki. Zote mbili ni namba shufwa. Vigawo tasa vya kila moja ni 2, 3 na 5 tu. Zote hugawanyika kwa 3 bila baki, wala hazigawanyiki kwa 9, na hakuna iliyo mraba wa namba nzima. Hata hivyo, ya kwanza ina sifuri 11 na vigawo 288. Ya pili ina sifuri 14 na vigawo 450. Ni namba mbili tofauti kabisa.

Suala hili si la wanahisabati pekee. Mwaka 2008 Rwanda iliamua kufundishia kwa Kiingereza badala ya Kifaransa, na mwaka 2017 Kiswahili kikawa lugha rasmi nchini humo. Mwaka 2022 Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mzazi aliyesoma kwa Kifaransa na mwanawe anayesoma kwa Kiingereza wanaweza kutamka neno moja huku mmoja akikusudia mara elfu ya mwenzake. Hivyo basi, walimu tufundishe kwamba miliyari ni bilioni, na katika kila hati ya fedha tuandike tarakimu kando ya maneno.