Mita 400 za Viunzi: Tulivyojifunza Bweranyange

Mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike habari za riadha shuleni petu katika miaka ile, akanionya nisizidi kurasa chache. Wenzangu wamekwisha kuandika juu ya kandanda, juu ya bendi ya shule na juu ya shamba la mahindi ambalo hakuna aliyelipenda. Mimi sitaandika riadha yote. Nitaandika mbio za mita 400 za kuruka viunzi peke yake, kwa kuwa ndizo zilizonifundisha kazi ya ualimu, na kwa kuwa katika mbio hizo nina deni ambalo wengi wenu hamlijui.

Ninyi vijana mlioko shuleni leo hapana budi mwelezwe kwanza mbio zenyewe. Mkimbiaji huzunguka kiwanja mara moja, katika njia yake, na humo hukuta viunzi kumi. Toka mwanzo hadi kiunzi cha kwanza ni mita 45. Baina ya kiunzi na kiunzi ni mita 35. Toka cha kumi hadi utepe ni mita 40. Kwa wanaume kiunzi kina kimo cha sentimita 91.4, yaani futi tatu za zamani. Kukiangusha kwa bahati mbaya si kosa. Kupitisha mguu pembeni yake badala ya juu ni kosa, na mkimbiaji hutolewa. Watu husema hizi ni mbio za kuruka. Mimi sikubali. Ni mbio za kuhesabu, na anayehesabu ni mtu aliyeishiwa pumzi.

Nilikuwa kidato cha pili tuliposikia redioni kwamba tarehe 2 Septemba 1972, huko Munich, John Akii-Bua wa Uganda ameshinda mbio hizo kwa sekunde 47.82. Hakuna mtu duniani aliyepata kuzikimbia chini ya sekunde 48 kabla yake. Rekodi aliyoivunja ilikuwa ya David Hemery wa Uingereza, sekunde 48.12, iliyowekwa Mexico mwaka 1968, na Hemery mwenyewe alikuwamo siku hiyo, akaambulia nafasi ya tatu. Ilikuwa medali ya kwanza ya dhahabu ya Olimpiki kwa Uganda, na Waganda walingoja miaka 40 kuipata ya pili, Stephen Kiprotich aliposhinda marathoni ya London mwaka 2012. Sisi watoto wa Ziwa Magharibi tuliona kama kashinda mtu wa kwetu. Ng'ambo ya mto Kagera ni kwa shangazi na wajomba zetu. Mmoja wetu akakata picha yake gazetini, akaibandika ukutani bwenini.

Hazikupita wiki tatu. Katikati ya mwezi huo huo wapinzani wa Idi Amin waliingia Uganda kutoka upande wetu, wakashindwa, na Amin akajibu kwa kuleta ndege zilizodondosha mabomu Bukoba. Shule yetu haikuwa mbali na mji. Tuliosikia mlio ule hatujausahau hadi leo. Jioni ile mtu akaibandua picha ya Akii-Bua, akaikanyaga, na hakuna aliyemzuia. Mimi pia sikumzuia.

Alikuwapo mwalimu wetu mmoja aliyekimbia Uganda mwaka uliotangulia. Alipoingia bwenini kukagua taa aliuona ukuta mtupu, akaiona picha sakafuni. Akainama, akaikung'uta vumbi kwa kiganja. "Huyu hakurusha bomu," alisema. "Huyu ni Mlango. Watu wake ndio wanaouawa na Amin. Rudisheni picha." Tukairudisha. Akaketi juu ya kitanda, na usiku ule, badala ya kutulaza, akatueleza mambo ambayo redio haikuyasema.

Alituambia kwamba Akii-Bua, ambaye alikuwa askari polisi, alianza na mbio fupi za viunzi, za mita 110, na ndizo alizozipenda. Mwingereza aliyefundisha riadha Uganda, Malcolm Arnold, ndiye aliyemhamishia kwenye mita 400. Katika michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh mwaka 1970 alikuwa wa nne tu, nyuma hata ya Mganda mwenzake, William Koskei, aliyepata medali ya fedha. Baada ya hapo akafanyishwa mazoezi ya kupanda milima amevaa kizibao kilichotiwa uzito. Kule Munich alipewa njia ya kwanza, ile ya ndani kabisa, ambayo kona zake ni kali kuliko zote na ambayo wakimbiaji wa viunzi huiogopa. Lakini Akii-Bua aliweza kutangulia kiunzi kwa mguu wa kulia au wa kushoto, wowote utakaofika. Mwalimu alilirudia neno hilo mara mbili: wowote utakaofika. Mimi nilidhani ni pambo la hadithi.

Vita vya 1978 na 1979 wengine wameviandika humu kuliko nitakavyoweza. Mwaka 1980, mkoa ukiwa umekwisha kubadilishwa jina na kuitwa Kagera, nilirudi shuleni kwetu kama mwalimu, nikakabidhiwa somo la jiografia na filimbi ya michezo.

Miaka ile sukari na sabuni vilikuwa hadithi, na shule haikuweza kulisha wanariadha wakati wa likizo. Kwa hiyo mwezi wa Juni nilichagua vijana sita, nikawapeleka nyumbani kwetu Bweranyange, Karagwe. Sababu ya kwanza haikuwa milima wala hewa. Ilikuwa ndizi. Kibanja cha marehemu baba kilikuwa kikubwa, na mama hakupenda kuona sufuria inarudi na chakula. Milima niliigundua baadaye.

Wasioijua Bweranyange wajue kwamba hapo ndipo palipokuwa makao ya Abakama wa Karagwe wa ukoo wa Abahinda. Omukama Rumanyika aliwapokea Speke na Grant mnamo Novemba 1861. Speke aliendelea Buganda; Grant alibaki miezi kadhaa akiuguza mguu, na alipoondoka mwaka 1862 aliondoka amebebwa. Nilikuwa nikiwatania vijana wangu kwamba mgeni wa Kizungu aliyekaa kwetu muda mrefu kuliko wenzake wa siku zile alishindwa hata kutembea, basi wao wasione haya kuchechemea. Utani huo niliuacha, na sababu yake mtaiona.

Viunzi tulivichonga wenyewe kwa mikaratusi. Palikuwa na uwanda wa majani mgongoni mwa kilima, ng'ombe walikuwa wamekwisha kuulainisha, na tukapima kwa futi kamba mstari unaopinda kama kona ya kiwanja. Majirani walifikiri tunajenga zizi lenye mapengo. Asubuhi tulipanda kilima bila viunzi. Jioni, ukungu ukiisha kushuka mabondeni, tuliruka.

Hapo ndipo nilipojifunza hesabu niliyoitaja. Mita 35 baina ya viunzi si zote za kukimbia. Mkimbiaji hunyanyuka kama mita mbili kabla ya kiunzi na hutua kama mita moja na kidogo ng'ambo yake. Zinabaki kama mita 31 na nusu hivi. Kijana mwenye nguvu huzimaliza kwa hatua 15, kila hatua mita 2 na sentimita 10. Hatua zikiwa witiri, mguu wa kutangulia ni ule ule kila mara. Sasa ifikapo kiunzi cha sita au cha saba miguu imechoka, hatua zinafupika, na 15 hazifiki tena. Anayejua mguu mmoja tu atalazimika kwenda hatua 17, na hapo kila hatua itapungua karibu sentimita 25, zaidi ya shubiri nzima. Ni kama kufunga breki. Lakini anayejua miguu yote miwili atakwenda hatua 16, abadili mguu, na hasara yake ni nusu ya hiyo. Tena kwenye kona mguu wa kushoto ukitangulia ni nafuu, maana wa kulia ukitangulia, ule wa kushoto unaofuata huelekea kupita pembeni ya kiunzi kwa upande wa ndani.

Hesabu hiyo niliifahamu ubaoni. Sikuifundisha. Ilichukua muda, vijana walijikwaa sana kwa mguu wasiouzoea, na mimi nilitaka muda mzuri wa kupeleka UMISSETA. Nikawaacha kila mmoja na mguu wake.

Mwaka wa pili wa kambi nilikuwa na kijana mmoja aliyekimbia mita 400 tupu vizuri sana, na alizipenda. Nilimhamisha, kama Arnold alivyomhamisha Akii-Bua. Nadhani niliona fahari kuiga. Hakubisha. Alisema, "Sawa, Mwalimu." Alikuwa mtu wa mguu wa kulia.

Jioni moja baada ya mvua niliwaambia wenzake wapange viunzi, nami nikaenda kusimama mwisho na saa. Kiunzi huwekwa miguu yake ikielekea anakotoka mkimbiaji, ili kikigongwa kianguke mbele. Kikigeuzwa, hakianguki. Cha nane kilikuwa kimegeuzwa. Kijana alikifikia amechoka, hatua zimepungua, mguu wa kushoto ndio uliokuwa tayari. Hakujua kuutumia. Akajivuta, akarusha wa kulia kutoka mbali mno, na goti la mguu uliofuata likagota kwenye mti ambao haukutikisika. Nilisikia mlio kutoka nilipokuwa, mita 90 hivi.

Mfupa wa muundi ulivunjika. Tulimteremsha kilimani kwa machela ya miti ile ile ya viunzi.

Nilikwenda kwao na mjomba wangu kumwomba radhi baba yake. Mzee alitukaribisha, akatupa viti, akatusikiliza hadi mwisho. Kisha aliuliza jambo moja tu. "Mwalimu, wewe ulikuwa unatazama nini?"

Nilikuwa natazama saa. Nikamwambia hivyo. Hakunipa mkono siku ile.

Kijana alipoteza mwaka wa masomo, na hakukimbia tena. Mwaka uliofuata, mwezi wa Juni, basi liliposimama Omurushaka nilimwona anashuka na fimbo pamoja na vijana wapya. Sikuwa nimemwita. "Shikamoo, Mwalimu," alisema. "Nimekuja kukagua viunzi." Kuanzia siku hiyo hakuna aliyeruka kabla yeye hajapita kuanzia cha kwanza hadi cha kumi, akikisukuma kila kimoja kwa ncha ya fimbo mpaka kianguke. Na ndiye aliyenilazimisha kufundisha miguu yote miwili. Wiki nzima ya kwanza hakuruhusu mtu kutumia mguu wake mzuri. Walilalamika kwangu, nikawaambia waende kwake. Muda wetu ulikuwa mbaya mwaka ule, na mbaya wa pili yake. Wa tatu, mmoja wao alifika UMISSETA ya taifa. Hakushinda, lakini nilimwona akibadili mguu kwenye kiunzi cha saba na tena cha tisa, laini, kama mtu anayehamisha mzigo bega hadi bega.

Juu ya Akii-Bua mwenyewe yapo machache ya kuongeza. Mwaka 1976 Afrika ilisusia Montreal, Tanzania na Uganda zikiwamo, kwa sababu ya New Zealand kucheza raga na Makaburu. Hakupata nafasi ya kukutana na Edwin Moses wa Marekani, aliyeishusha rekodi yake hapo hadi sekunde 47.63. Amin alipoanguka mwaka 1979 alikimbilia Kenya, akawa mkimbizi, kisha akapata kwenda Ujerumani. Baadaye alirudi kwao akafundisha vijana wa polisi. Alifariki Kampala mwaka 1997, akiwa na umri wa miaka 47.

Sisi Watanzania medali zetu mbili za Olimpiki ni za Moscow, mwaka 1980, na moja yake, ya Filbert Bayi, ni ya mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Vizuizi vile vina kimo kile kile cha sentimita 91.4, ila havianguki. Katika mita 400 za viunzi bado. Wakenya walipata bingwa wa dunia mwaka 2015 kule Beijing, Nicholas Bett, kwa sekunde 47.79. Yeye alikimbia njia ya tisa, ya nje kabisa, asione mtu yeyote mbele yake. Alikufa katika ajali ya gari mwaka 2018. Nilipomtazama kwenye televisheni nilimkumbuka yule wa njia ya kwanza.

Nimestaafu, naishi Bweranyange, na uwanda ule bado upo, ingawa nusu yake sasa ina nyumba. Mkuu wa shule ameniarifu kwamba siku ya mkutano wetu kutakuwa na mashindano ya viunzi kati ya mabweni, na kwamba viunzi vipya vya chuma vimepatikana kwa michango yenu. Nimemwomba jambo moja, naye amekubali. Saa atashika mwalimu kijana. Mimi nitasimama kwenye kiunzi cha nane. Na kabla ya filimbi kupigwa, mtamwona mzee mmoja mwenye fimbo akipita uwanjani polepole, akisukuma kiunzi kimoja kimoja. Tafadhali msimharakishe.