Misitu ya kaya ni ya nani hasa? Uzi kwa wanaobishana kuhusu ardhi ya Pwani

Kila mjadala wa misitu ukipamba moto huku mtandaoni, lazima mtu aseme: "Mwachie mwananchi msitu uone kama hataufyeka wote." Mwingine anajibu ati ardhi yote ni ya wananchi, serikali itoke. Wote wawili wanasahau kaya za Wamijikenda. Hebu twende polepole.

Kaya zilikuwa makazi yenye ngome, yaliyojengwa ndani kabisa ya msitu, kuanzia Kwale hadi Kilifi. Msitu ndio ulikuwa ukuta. Ukifyeka, umemfungulia adui mlango. Baadaye watu wakahama taratibu kwenda kulima nje, na kufikia miaka ya 1940 kaya zilikuwa hazina wakazi. Kilichobaki ni makaburi ya wazee, fingo zilizofukiwa chini na mahali pa maombi. Masharti nayo yakabaki. Hukati mti. Huchungi mbuzi. Hutoki kwenye njia. Ukivunja, wazee wa kambi wanakutoza faini ya kuku au mbuzi. Hakuna bunduki wala askari wa doria hapo, na miti ilisimama.

Sasa tuje kwa serikali. Mwaka 1913 Wagiriama walikula kiapo Kaya Fungo kupinga kodi na kupelekwa vibarua kwenye mashamba ya wakoloni. Mekatilili wa Menza tunamjua wote, manake kila Mashujaa Dei jina lake linatajwa. Kinachosahaulika ni jibu la Waingereza: waliifunga kaya, kisha Agosti 1914 wakailipua kwa baruti. Walielewa vizuri kuwa ule haukuwa msitu tu, ulikuwa bunge. Kwa hivyo mtu akisema dola ndiyo mlinzi wa asili wa misitu, mkumbushe Kaya Fungo.

Lakini tusiwapambe wazee kupita kiasi. Baada ya uhuru, heshima ya kaya peke yake haikutosha. Bei ya ardhi karibu na ufuo wa Diani ilipanda, vijana wengi hawakuogopa fingo tena, na mzee hana hati ya kumwonyesha mtu aliyekuja na mawe ya mpaka na karatasi zenye mhuri. Kisiwa cha Chale kilikuwa mahali patakatifu pa Wadigo. Leo kina hoteli.

Ndipo kuanzia 1992 kaya zikaanza kutangazwa kuwa kumbukumbu za taifa chini ya Makavazi ya Kitaifa. Nadhani hiyo ndiyo hatua iliyookoa nyingi, na haikuwa ya serikali peke yake. Makavazi walileta sheria, wazee wakaleta macho na masharti. Kaya Kinondo ni mfano mzuri: mgeni anafunga kitambaa cheusi kiunoni, anaongozwa na mtu wa hapo hapo, na pesa za kiingilio zinasaidia kijiji. Mwaka 2008 UNESCO ikaziweka kaya kadhaa kwenye orodha ya urithi wa dunia.

Shida inaanzia kwa Katiba ya 2010. Kifungu cha 63 kinasema misitu ya jamii na sehemu zake takatifu ni ardhi ya jamii. Cha 62 kinasema misitu ya serikali ni ardhi ya umma. Na kuna kaya ambazo zilishatangazwa kuwa misitu ya serikali. Kaya moja, madai mawili! Mwanasiasa akipanda jukwaani na kuahidi "kuwarudishia wananchi ardhi yao", muulize anamaanisha ipi: kaya ibaki kaya chini ya wazee, au ikatwe vipande vya ploti? Neno "kurudisha" linabeba zote mbili, na ndio maana linapendwa sana.

Halafu kuna jambo ambalo watu wa Nairobi hawalizungumzii kabisa. Kilifi wazee wanauawa kwa tuhuma za uchawi, na mara nyingi ukichimba unakuta ugomvi wa ardhi ndani ya familia. Hawa ndio rika linalojua mipaka ya kaya, maombi yake na miti yake. Kule Ganze, Kaya Godoma imegeuka kimbilio la wazee waliotishiwa na watu wa nyumbani kwao. Waliozoea kuulinda msitu wamekwenda kujificha ndani yake.